Radi Darini: Ufafanuzi Wangu Kabla Fundi Bomba Hajaongeza Chumvi

Wadau, ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya mafundi tangu jana usiku ni ya fundi bomba, na fundi bomba hakuwepo sebuleni. Alikuwa nje, kichwa ndani ya chemba. Kwa hiyo tuelewane: sikupigwa shoti, sikulia, na mama mwenye nyumba hakunimwagia maji. Aliyaleta kwenye jagi, akanitazama, akayarudisha. Kila anayenipigia simu anaanza na "pole na radi" kabla hata ya salamu, basi ngoja niandike mara moja, mpumzike na mimi nipumzike.

Mnaonifuata mnaijua shida yangu. Mimi ni fundi umeme, na siwezi kumwona fundi mwenzangu ameng'ata simu mdomoni, mate yanachuruzika, anatafuta laivu, yaani waya wenye umeme, kwa mwanga wa kutafutia funguo, nikanyamaza. Nimeshawashawishi wawili watatu wakanunua tochi za maana. Jana nilikuwa namshawishi fundi jipsamu, mzee wa watu, mbishi, anayeamini tochi ni tochi.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, hapa hapa Dar es Salaam, imekarabatiwa vipande vipande na kila fundi ameacha alama yake. Darini utakuta nyaya za mfumo wa zamani wa Kiingereza, nyekundu laivu na nyeusi nyutro (waya wa kurudisha umeme), zimeungwa na za mfumo wa sasa, kahawia laivu na bluu nyutro. Kwenye fezi tatu, yaani laivu tatu kwa pamoja, ndiyo balaa: zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, siku hizi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Hesabu mwenyewe. Waya mweusi unaweza kuwa nyutro ya zamani au fezi ya sasa. Wa bluu unaweza kuwa fezi ya zamani au nyutro ya sasa. Ruhusa ya kushika hutolewa na tesita, si rangi (hili sibishani na mtu), lakini rangi ndiyo inayokuonyesha fundi aliyekutangulia alikuwa anawaza nini.

Sasa chukua tochi ya bei chee, zile zenye mwanga wa kibluubluu, kelvini 6500 na kuendelea (kelvini hupima rangi ya mwanga, namba ikipanda unaelekea bluu), CRI 70 au chini. CRI ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uhalisia wake, na cha juu kabisa ni 100. Chini ya mwanga ule, wekundu unakufa kwanza. Waya mwekundu uliokaa darini miaka mingi na waya wa kahawia wenye vumbi huvitofautishi. Washa tochi yenye LED ya CRI 90 kwenda juu, kelvini 4000 hadi 5000, na kila waya unarudi kwenye rangi yake. Nilimwonyesha mzee nyaya mbili mkononi, tochi yake kwanza, kisha yangu. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Mh." Kwa fundi jipsamu hiyo "mh" ni hotuba.

Nikaona nimalizie kazi hapo hapo. Nikamwekea tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukitambaa sambamba na ukuta wenyewe. Hii mafundi rangi wanaijua. Mwanga ukija kutoka mbele, ukuta wote ni mzuri. Ukija kwa ubavu, kila tuta la fila na kila maungio ya bodi yanatoa kivuli. Mzee alipoona maungio yake mwenyewe yanavyotoa vivuli akaniambia zima. Kumbukeni hapo, nitaparudia.

Tochi iliyopanda darini ilikuwa ile yangu ya kona, yenye kichwa kilichopinda nyuzi 90, ndani ina LED ya Nichia 519A ya kelvini 4000, mwanga wenye unjano kidogo. Ina kanda ya kichwani, maana darini sumaku ya kitakoni haina wa kumshika, mbao tupu. Kazi ya umbali wa mkono haitaki lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Lumeni 100 hadi 300 zilizotawanyika vizuri zinatosha, zaidi ya hapo mwanga unarudi machoni. Na zile lumeni kubwa za kwenye boksi, hata kwa kampuni zinazofuata FL1, kanuni ya kupimia tochi, hupimwa kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, halafu tochi inapata joto na kujishusha yenyewe. Chini ya mabati ya Dar saa saba mchana inajishusha mapema zaidi.

Betri yake ni 18650: milimita 18 upana, 65 urefu. Nzuri huzunguka miliampea-saa 3500. Ukiuziwa iliyoandikwa 9900, iweke kwenye mizani ya jikoni. Ya kweli ina gramu 45 hivi na kuendelea, na ile ya maajabu mara nyingi unaikuta nyepesi kama ganda la yai. Msinitumie picha za betri zenu kwenye inboksi kuniuliza kama ni feki. Pimeni.

Haya. Jambo la mwisho kabla ya msiba. Tochi hii inaendeshwa na programu ya Anduril. Ukibonyeza mara tatu ikiwa imezimwa, inakusomea volti za betri kwa kukonyeza: mikonyezo minne, kituo, mmoja, maana yake 4.1. Ikisoma 3.3 shuka ukachaji. Betri moja ya lithiamu ikijaa kabisa ni 4.2. Shikeni namba hiyo.

Sasa mpangilio wa jukwaa. Meni swichi nimezima mwenyewe, nimepiga kufuli, ufunguo mfukoni mwangu. Dogo msaidizi wangu yuko darini juu ya sebule, tochi kichwani, glavu nene mikononi, anasukuma nyaya kwenye matundu ya taa. Fundi jipsamu yuko juu ya ngazi, jicho moja kwenye tundu, anangoja waya utokeze. Mama mwenye nyumba amekaa chini kabisa, ungo mapajani, anachambua mchele. Mimi nimesimama katikati ya sebule na soksi, kwa kuwa mama hataki buti kwenye vigae vyake vipya, natoa maelekezo kwa sauti ya mkufunzi wa VETA.

"Dogo, kabla hujasogea mbele, bonyeza tatu usome betri."

"Sawa kaka."

Dari ikawaka. Pa! Kimya. Pa-pa! Kimya kirefu. Kisha mwanga mdogo, mkubwa, mdogo, kwenye matundu yote saba.

"Hesabu!" nikamwambia.

"Moja! Mbili… kaka, zimekuja tatu pamoja!"

"Hesabu mpaka kituo!"

"Saba! Tisa! Kumi na moja!"

"Volti kumi na moja hazipo, dogo! Betri moja hiyo! Mwisho 4.2! Anza upya!"

"Kumi na nne, kaka!"

Fundi jipsamu hakuwa ametoa jicho kwenye tundu. Nadhani alishindwa. Akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua nyoka:

"Fundi, umeme umezima?"

"Nimezima, mzee."

"Umezima wa wapi?"

Mama akaacha kuchambua. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa linapasua, hata kipande cha wingu hakuna. Akatazama dari. Pa-pa-pa! Akasema, "Ya Rabi," kwa sauti ya chini kabisa, akauvuta ungo karibu na kifua.

Bado mimi nilikuwa naamini ni mita ya betri. Naomba mlielewe hilo. Nyumba nzima inasoma dua, mimi nimekunja uso namdai mtoto wa watu desimali.

Dogo naye kuona nafoka akaamua kuizima. Badala ya kubonyeza mara moja, kwa zile glavu akabonyeza mara mbili. Radi ikakoma. Tukashusha pumzi wote watatu. Halafu kwenye matundu yale yale ukaanza kutoka mwanga wa njano, laini, unaopanda na kushuka, unaotetemeka. Ingekuwa tochi ya bei chee yenye mwanga wa bluu, hakuna ambaye angedanganyika. Lakini hii nimeichagua mimi, kwa sifa, kwa uhalisia wa rangi.

"MOTO!" Mzee wa miaka sitini alishuka ngazi ile bila kugusa kipago hata kimoja.

Hapo na mimi nikaelewa, ila nikaelewa vibaya. Nikawaza betri imepasuka kichwani kwa dogo. Nikakimbilia ngazi ya korido, nikatokeza kwenye mlango wa dari, nikajivuta ndani. Giza, joto, vumbi. Dogo akasikia kishindo, akageuza kichwa kunitazama, na katika kugeuka akaigandamiza swichi, mwanga ukapanda. Ninachoweza kuwaambia kitaalamu ni kwamba tochi ya lumeni nyingi, kwenye jicho lililotoka kutanuka gizani, umbali wa mita moja na nusu, hukuachia duara la kijani ambalo halina mbao.

Mkono wa kulia ulipata mbao. Mkono wa kushoto ulipata mbao. Goti la kulia lilipata mbao, nikasema moyoni Mungu mkubwa. Mguu wa kushoto ukapata bodi ya jipsamu.

Bodi ya dari mara nyingi ni milimita 9. Ni jasi laini kati ya karatasi mbili. Inajibeba yenyewe na fila, haibebi mwanaume. Na haivunjiki kwa mara moja kama mnavyodhani. Kwanza inatoa sauti ndogo, ya karatasi, ikikupa muda wa kutafakari. Nikatafakari. Kisha kisigino kikashuka kama sentimita mbili na kusimama. Nikabana pumzi, kana kwamba pumzi ndiyo yenye uzito. Kisha kwaa! Mguu mzima ukapita mpaka pajani, na safari yangu ya kwenda chini ikasimamishwa na mbao ya dari, ambayo nilikuwa nimeipanda kama baiskeli isiyo na tandiko. Wanaume sitaeleza zaidi.

Tesita ikachomoka mfukoni. Niliisikia ikitua kwenye mchele.

Kimya kikubwa. Vumbi jeupe linashuka sebuleni. Mguu wangu unaning'inia katikati ya sebule ya mama wa watu, na soksi ile ina tundu, na kidole gumba kimetoka chote. Nikajaribu kukirudisha ndani kwa kukikunja. Mama alikuwa anakitazama, nilikuwa najua.

"Fundi," akakiambia kidole, "ni wewe?"

"Ndiyo mama."

"Moto upo?"

"Hapana mama."

"Radi je?"

"Hamna mama."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

Kabla sijapata jibu, nyuma yangu dogo, kwa heshima zote, akauliza: "Kaka, na hii inayowaka kama mshumaa, ni volti ngapi?"

Haya, mengine haraka haraka. Walinivuta. Fundi bomba alifika mwishoni kabisa, akauona mguu ukipanda juu, na kwenye msingi huo akajenga ile hadithi yake yote. Kilichotokea ni hiki: bonyeza tatu ukaachia, unasoma betri. Bonyeza tatu na ile ya tatu ukaigandamiza, unaingia kwenye mianga ya mbwembwe, na programu inakumbuka uliyoitumia mwisho. Mojawapo ni dhoruba ya radi. Bonyeza mbili ukiwa humo, inahamia inayofuata, na baada ya radi ni mshumaa. Kidole chenye glavu nene hakijui kuachia haraka. Aliyeiacha tochi kwenye radi juzi akiwafurahisha watoto wa jirani simtaji jina, ila soksi zake mnazijua.

Kama mnampa msaidizi tochi ya aina hii, irudisheni kwenye menyu nyepesi: ikiwa imezimwa, bonyeza mara kumi bila kugandamiza. Mianga ya mbwembwe yote inafungiwa, kusoma betri kunabaki. Kabla ya kuitia mfukoni, bonyeza mara nne ijifunge, isije ikawaka humo ikakuchoma paja.

Tundu la dari limezibwa kwa hela yangu. Mzee alikata mraba mpaka katikati ya mbao, akaongeza vibao vya kushikia pande zilizobaki, kipande kipya, skrubu, tepu ya nyavu, fila mikono mitatu, msasa, rangi. Akafuta mikono, akasema kazi imeisha, na kwa macho ya kawaida huoni kitu.

Bahati mbaya mama alikuwepo wakati ule namwonyesha mzee ujanja wa mwanga wa ubavuni. Akaomba tochi. Akapanda kwenye stuli, akailaza sambamba na dari, akamulika kiraka changu. Kimenyooka, safi. Kisha akazungusha mkono polepole kuelekea upande wa pili wa sebule, ule ambao hakuna mguu wa mtu uliopita, na maungio ya bodi yakajitokeza yote, moja baada ya jingine, hadi mlangoni.

Mzee amepewa wiki moja arudie dari lote. Tochi mama hajanirudishia, anasema bado kuna vyumba vitatu na jiko. Na fundi jipsamu ameniblokia.