Kilomita 690 za angani na saa zisizohesabiwa

Ukiuliza umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Songwe, Mbeya, na ule wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, utajibiwa kuwa ni takriban kilomita 690, na kwamba safari huchukua kati ya saa moja na robo na saa moja na dakika arobaini. Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, kwa abiria wa Nyanda za Juu Kusini hayatoshi kupangia safari, na wanaosimamia usafiri wetu hawapaswi kuridhika nayo.

Kilomita hizo ni za mstari ulionyooka. Barabara kuu, ambayo hupanda Kitonga ndipo ipite Iringa, Mafinga na Makambako, huzidi kilomita 800. Angani nako kasi si kila kitu: ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-400 huenda kasi ya zaidi ya kilomita 600 kwa saa, na Airbus A220 hufikia 800 na zaidi, lakini katika safari fupi kama hii sehemu kubwa ya muda huishia katika kupaa na kushuka, kwa hiyo tofauti kati yao huwa ni ya dakika chache tu.

Muda mwingi hupotelea ardhini. Songwe ilipoanza kutumika mwaka 2012, badala ya kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya mji, tulipata njia ndefu ya kurukia, nayo ilihitajika kweli, kwa kuwa eneo lile liko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi huilazimu ndege kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini kiwanja kilihamia zaidi ya kilomita 20 magharibi mwa jiji, kupitia Mbalizi, katika barabara ileile inayobeba malori ya Tunduma. Lori moja likikwama, abiria anaweza kukaa kwenye foleni kwa muda unaokaribia ule wa kuruka hadi Dar es Salaam.

Sasa mfikirie mkulima wa chai au mfanyabiashara wa mbao anayetoka Njombe. Atasafiri kilomita zaidi ya 200 kupitia Makambako akielekea magharibi, ili apande ndege itakayomrudisha mashariki. Akijumlisha safari hiyo, muda wa ukaguzi wa mizigo na foleni za Dar es Salaam, siku nzima inakaribia kwisha, na basi la moja kwa moja hadi kituo cha Mbezi, Dar es Salaam, halionekani tena kuwa chaguo la wasio na uwezo.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kwa moyo wote upanuzi wa barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga, mashariki mwa jiji la Mbeya, na Ifisi, upande wa Mbalizi katika njia ya kwenda kiwanjani, na naona ungestahili kuhesabiwa kama sehemu ya mradi wa kiwanja chenyewe. Pamoja nao, yanahitajika mabasi ya umma yanayoondoka Uyole na Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa kufuata ratiba za ndege, yenye nauli inayojulikana, ili abiria asiye na gari asilazimike kukodi teksi kwa bei ya kupatana usiku wa manane.