Filamu ya Leto na Shahidi Anayekana

Katika filamu ya Leto, iliyoongozwa na Kirill Serebrennikov na kuoneshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2018, yumo kijana mmoja ambaye kila baada ya tukio la ajabu huigeukia kamera na kutamka kwamba jambo hilo halikutokea. Abiria wa treni wameimba, ngumi zimerushwa, michoro imetambaa juu ya picha za rangi nyeusi na nyeupe, kisha yeye anayafuta yote. Kwa maoni yangu, ubishi kuhusu ukweli wa filamu hii unaanzia kwa kijana huyo.

Kisa ni cha Leningrad, mji wa Urusi ya Kisovieti ambao leo huitwa St. Petersburg, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mike Naumenko, kiongozi wa bendi ya roki ya Zoopark, anampokea Viktor Tsoi, chipukizi ambaye baadaye angevuma na bendi ya Kino, naye Natasha, mke wa Mike, anavutiwa na mgeni huyo. Msingi wa kisa ni kumbukumbu za Natasha mwenyewe. Boris Grebenshchikov wa bendi ya Akvarium, aliyesimamia kurekodiwa kwa albamu ya kwanza ya Kino mwaka 1982, aliusoma mswada na kuuita uongo tangu mwanzo hadi mwisho, akisisitiza kwamba wao waliishi maisha mengine kabisa.

Shutuma ya mtu aliyekuwapo haipuuzwi, na yule kijana hajaijibu. Anayakana yale tu ambayo hakuna mtazamaji angeyaamini. Hayagusi mazungumzo ya jikoni, mapenzi wala ulegevu wa vijana hawa, na ukanaji wake huyafanya hayo yaonekane kuwa kweli tupu. Hapo Grebenshchikov ana hoja nzito.

Lakini wapo pia wanaolalamika kwamba dola ya Kisovieti imeoneshwa kwa upole mno, na hao siwaungi mkono. Kwetu andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka. Kule alikuwa msanii asiyekuwa na mlango rasmi wa kutokea, kwa sababu sahani za muziki zilitolewa na kampuni moja tu ya serikali, Melodiya, na nyimbo zake zilienea kwa kanda zilizonakiliwa mkono kwa mkono na kwa maonesho ya faragha ndani ya nyumba za watu. Mwezi Machi 1981 klabu ya roki ilifunguliwa kwa kibali katika Mtaa wa Rubinstein, mashairi yakipitiwa kabla ya kuimbwa na KGB, idara ya usalama wa taifa, wakiwa macho. Filamu inaipata barabara kabisa hali hiyo ya kuruhusiwa nusunusu: wasikilizaji wametulia vitini kama wako mkutanoni, na msichana anayeinua bango lenye mchoro wa moyo anaamriwa alishushe. Hakuna anayepigwa, na bado mtazamaji anahisi mkono begani.

Kinachokosekana ni uzito wa riziki. Kutokuwa na kazi kulikuwa kosa la jinai, kosa lilelile ambalo mshairi Joseph Brodsky alihukumiwa kwalo mjini humo mwaka 1964, ndiyo maana wanamuziki walishika kazi za ulinzi wa usiku, na Tsoi mwenyewe baadaye akachochea makaa ya mawe katika tanuri la kupasha majengo joto.

Serebrennikov alikamatwa Agosti 2017 kabla hajamaliza kupiga picha, akaihariri filamu akiwa katika kifungo cha nyumbani. Masaibu yake yanastahili heshima, ila hayathibitishi lolote kuhusu mwaka 1982.

Tsoi alifariki kwa ajali ya gari huko Latvia mwezi Agosti 1990, akiwa na miaka 28, na Mike akafuata mwaka mmoja baadaye. Waliobaki kusimulia ni mwenzao anayekumbuka kazi ya muziki na mke anayekumbuka nyumba yake, na filamu imemwamini mke. Ilikuwa na haki ya kuchagua hivyo, lakini ingekuwa nyofu zaidi iwapo kijana yule angeingia walau mara moja jikoni kwa Natasha na kusema kwamba yuko mtu anayeyakumbuka haya kwa namna nyingine.