Kabla ya geji, uliza joto

Ukiingia Katwe au Kisenyi, hapa Kampala, kutafuta chuma, maswali ni yale yale: geji ngapi, futi ngapi, bei gani. Mnunuzi mzoefu atakigonga kipande kwa nyundo asikie mlio, atakadiria unene kwa kidole, kisha ataanza kuvutana na muuzaji. Kama chuma hicho kitakuwa geti, dirisha au fremu ya kitanda, hana haja ya kuuliza zaidi. Lakini kama kinakwenda kukaa motoni, maswali hayo hayatoshi. Inaniuma kuona fedha za shule na za viwanda vidogo zikiteketea kila mwaka kwa sababu hakuna aliyeuliza mawili yaliyobaki: kitakaa kwenye joto gani, na kwa saa ngapi?

Chukua jiko la kuni la shule ya bweni. Posho na maharage ya mamia ya watoto hupikwa hapo kila siku, na moto huwashwa kabla ya alfajiri. Chini ya kuni kuna kichanja, mara nyingi nondo za milimita 16 zilizochomelewa sambamba. Kikiletwa kimenyooka vizuri. Muhula ukifika mwisho, katikati kimeshuka, majivu hayapiti sawasawa, na kuni zinaanza kufuka moshi badala ya kuwaka. Zigonge zile nondo kwa mpini wa koleo uone: magamba meusi yanadondoka, na nondo iliyobaki ndani ni nyembamba kuliko ile iliyolipiwa. Fundi anaitwa, anakata, anachomelea nondo nyingine za aina ile ile. Nilimuuliza fundi mmoja wa Katwe, hodari kweli kwa milango na ngazi, kwa nini asijaribu chuma kingine. Akanijibu kwa upole, "Bosi, chuma ni chuma."

Hapana. Kwenye kichanja kile yametokea mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni magamba. Chuma cha kawaida kikipita nyuzi 570 hivi za Selsiasi, hewa hukila haraka zaidi. Oksidi inayojijenga juu yake ni nene, ina nyufa, haishiki, na kila inapobanduka chuma kipya kinabaki uchi mbele ya moto. Kukiwa na kromi ya kutosha ndani yake, mambo hubadilika, kwa sababu kromi hujenga utando mwembamba uliobana ambao hewa inapenya kwa shida. Ndiyo maana stenlesi ya aina ya 304, yenye kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, huvumilia hadi karibu nyuzi 870, na ile ya 310, yenye kromi 25 na nikeli 20, hupita nyuzi 1,000. Makaa ya kuni yanayowaka vizuri hupita 800 bila taabu. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini nondo haidumu jikoni.

La pili linanisumbua zaidi, kwa sababu halionekani likianza. Rafu ya mbao iliyojazwa vitabu haivunjiki siku unapoipanga. Huinama kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na mzigo haujaongezeka hata kitabu kimoja. Chuma chenye joto kina tabia hiyo hiyo, na wahandisi huiita kripu: mzigo ni ule ule, joto ni lile lile, na bado chuma kinazidi kurefuka hadi siku kinapokatika. Kwa hesabu ya haraka, metali huanza tabia hii ikifikia takriban asilimia 40 ya joto lake la kuyeyuka, ukihesabu kutoka sifuri halisi, iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri tunayoijua. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, kwa hiyo kripu yake huanza kuhesabika karibu na 450. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660, na yake huanza karibu na 100, joto la maji yanayochemka. Metali ya risasi hulegea hata ikiwa kivulini.

Hapo ndipo utaelewa pia kinachotokea soko likiungua. Asubuhi yake watu husimama mbele ya nguzo na kenchi zilizojikunja na kusema chuma kimeyeyuka. Hakikuyeyuka, moto wa soko haufiki huko. Kwenye nyuzi 600 chuma cha ujenzi hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake, na kwenye 800 hubaki na karibu sehemu moja ya kumi. Paa lile lile kililolibeba miaka yote linakuwa mzigo kisioweza kuubeba. Kwa anayechora jengo la fremu ya chuma hapa mjini, namba hizo mbili zina uzito kuliko rangi ya ukuta na urembo wa mbele, na bado sizioni zikizungumzwa.

Viwandani mambo haya yanajulikana, kwa sababu huko kosa linaua. Kiwanda cha sukari cha Kakira huchoma makapi ya miwa, hupata mvuke, na huuza umeme kwenye gridi ya taifa. Katika boila za namna hiyo, mabomba ya mvuke mkavu hutengenezwa kwa chuma kilichoongezwa kromi na molibdeni, na umri wake hukadiriwa kwa saa 100,000, yaani miaka 11 na ushee. Cha kutisha ni jinsi umri huo unavyotegemea joto: ongeza nyuzi 20 au 30 tu juu ya kiwango kilichopangwa, na unaweza kuupunguza kwa nusu au zaidi. Bomba halitoi dalili ya haraka. Chembe ndogo ndogo zinazounda chuma huanza kuachana kwenye mipaka yake, vijitundu vinajitokeza, vinaungana, na siku moja ufa unatokea mahali ambapo mwendeshaji hakuona chochote jana yake.

Waliolichukua jambo hili mbali kuliko wote ni watengenezaji wa injini za ndege. Uganda Airlines ina Airbus A330-800 mbili zenye injini za Rolls-Royce Trent 7000. Ndani ya injini kubwa za kizazi hiki, hewa inayotoka kwenye chumba cha moto ina joto kuliko kiwango cha kuyeyuka cha metali ya panga (pala za turbini) zinazozungushwa nayo. Panga hizo zinadumu kwa sababu tatu kwa pamoja: hewa ya baridi hupitishwa kwenye vijia vilivyo ndani yake, juu hupakwa kauri, na metali yenyewe ni superaloi ya nikeli, mchanganyiko wa metali nyingi zikiwemo kobalti, kromi, aluminiamu, tangsteni na tantali.

Kuna jambo moja kwenye superaloi hizo ambalo mimi nikilifikiria hadi leo linanifurahisha. Ndani yake kuna vijifuwele vya nikeli na aluminiamu, vidogo mno, vilivyopangika vizuri kama vimechongwa. Metali nyingine hulainika kadiri zinavyopata joto. Vijifuwele hivi huzidi kuwa vigumu hadi karibu nyuzi 800, na ndivyo vinavyozuia metali nzima isilegee. Kisha wahandisi wakaenda hatua nyingine: kwa kuwa kripu hupenda kupita kwenye mipaka ya chembe, wakasubu pala zima la turbini kuwa fuwele moja tu, yaani chembe moja, bila mpaka hata mmoja. Kalibu hushushwa polepole kutoka kwenye tanuri, na mrija uliojipinda chini yake huruhusu fuwele moja tu ipande juu. Hiyo ni kazi ya binadamu inayostahili heshima sawa na daraja lolote kubwa.

Sasa linakuja kundi jipya. Mwaka 2004 Brian Cantor wa Uingereza na Jien-Wei Yeh wa Taiwan, kila mmoja na wenzake, walichapisha wazo lililopindua desturi. Aloi za zamani, yaani metali zilizochanganywa, zina metali moja ya msingi na nyongeza kidogo. Wao walichanganya metali tano au zaidi kwa viwango vinavyokaribiana, na Yeh akaziita aloi zenye entropia kubwa, yaani zenye mchanganyiko mkubwa wa atomi. Ile ya Cantor ina kromi, manganizi, chuma, kobalti na nikeli, sehemu sawa kwa sawa. Mwaka 2010 Oleg Senkov na wenzake wa maabara ya Jeshi la Anga la Marekani wakatangaza aloi za niobi, molibdeni, tantali na tangsteni ambazo kwenye nyuzi 1,600 bado zilikuwa na nguvu ya zaidi ya megapaskali 400. Kwenye joto hilo chuma cha kawaida ni uji tayari, na nguvu hiyo inakizidi chuma laini cha ujenzi kikiwa baridi.

Habari za namna hii zikifika kwetu, watu husisimka na kusahau kusoma hadi mwisho. Aloi hizo za Senkov ni nzito mno na zina uvunjikaji zikiwa baridi, na hewa ya moto huzila, maana oksidi ya molibdeni hugeuka mvuke na kupotea. Hata ile ya Cantor, iliyosifiwa kwa kuwa na mpangilio mmoja tulivu, ilichukuliwa na watafiti ikaachwa kwenye joto kwa siku 500. Kwenye nyuzi 900 ilibaki ilivyo. Kwenye 700 na 500 ikaanza kujigawa, aina nyingine za fuwele zikajitokeza ndani yake. Kwa jaribio la wiki moja tu, hakuna ambaye angelijua hilo.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba Uganda ina kobalti, ina niobi, ina wolframu (ndiyo tangsteni), basi tujenge kiwanda cha superaloi. Madini ni kweli tunayo. Mabaki ya shaba ya Kilembe yalikuwa na kobalti, na kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha Kasese kiliitoa kwa kutumia bakteria. Vilima vya Sukulu karibu na Tororo vina niobi. Wolframu imechimbwa Kisoro na Kabale tangu enzi za ukoloni. Lakini pala la turbini halitoki kwenye shimo la mgodi. Linatoka kwa watu waliokaa miaka wakipima kitu kimoja bila kukiacha. Japani, mwaka 1969, walifunga kipande cha chuma kwenye mashine ya kripu kwa mzigo na joto maalumu, na jaribio hilo likaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Walioanza kazi hiyo walistaafu, vijana wakairithi, na namba ziliendelea kuandikwa. Nchi yenye subira hiyo ndiyo yenye haki ya kuzungumza habari za superaloi.

Sisi tuanze na mashine ya kripu, na ninasema hili kwa moyo wangu wote kwa sababu liko ndani ya uwezo wetu. Vifaa vyake ni vya kawaida: wenzo wa chuma, mawe ya mizani, tanuri dogo la umeme, kipimajoto cha waya, kifaa cha kupimia urefu, na saa. Chuo Kikuu cha Makerere wanaweza kuiunda, cha Kyambogo wanaweza, na mafundi wa Katwe wanaweza kuichomelea fremu ndani ya siku chache. Kigumu ni umeme. Ukikatika usiku, kipande kinapoa na jaribio linaharibika, kwa hiyo betri na sola ziwe sehemu ya mashine tangu siku ya kwanza, zisisubiri bajeti ya awamu ya pili.

Na tusiseme kwamba data za Ulaya zinatosha. Nondo nyingi tunazonunua zinatokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa upya hapa hapa, na chakavu huja na shaba, bati na vinginevyo ambavyo havitoki kirahisi tanurini. Mseto huo si ule ulio kwenye majedwali ya vitabu vya kigeni. Kuujua kwenye nyuzi 500, 550 na 600 ni kazi yetu, hakuna mtu wa Sheffield wala Osaka atakayeifanya kwa niaba yetu.

Haja ipo karibu kuliko tunavyodhani. Kiwanda cha kusafishia mafuta kinachopangwa Kabaale, Hoima, kwa uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku, kitakuwa na matanuri yenye mabomba ambayo adui yake mkubwa ni kripu. Kila baada ya miaka kadhaa mtu atatakiwa kuingia humo, kupima kipenyo cha bomba, kuchukua alama ya uso wake, na kutia sahihi kwamba linaweza kuendelea au lazima litolewe. Sahihi hiyo inaweza kuwa ya mgeni anayelipwa kwa dola kwa siku, au ya binti aliyesomea Kampala na ambaye ameshaona kwa macho yake kipande cha chuma kikirefuka kwa nusu ya unywele ndani ya mwezi mzima.

Wakati tunasubiri, mwalimu mkuu anayeagiza kichanja cha jiko amwandikie fundi mistari mitatu: moto utafika kiasi gani, utawaka saa ngapi kwa siku, na kichanja kitabeba uzito gani. Fundi asiyejua achague nini atamuuliza muuzaji, na muuzaji atalazimika kutafuta jibu. Stenlesi ya 310 ni ghali, na si lazima kila jiko liwe nayo. Mara nyingine kusogeza kichanja mbali kidogo na kitovu cha moto, au kuweka nguzo moja ya matofali ya moto katikati ili nafasi isiyo na kitu chini yake iwe fupi, kunaongeza umri wake kuliko kununua nondo nene. Na mashine ile ya kwanza ikianza kufanya kazi mwaka huu, kipande chake kitatimiza saa 10,000 baada ya miezi 14 hivi. Hiyo itakuwa namba ya kwanza tuliyoipima wenyewe kuhusu chuma tunachokiyeyusha wenyewe.