Ushuru Mmepunguza, Soketi Je?

Tangazo liliingia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji saa nne usiku, herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho: KUANZIA LEO NI MARUFUKU KUCHAJI GARI LOLOTE KATIKA PLOTI HII. ATAKAYEPATIKANA ATAPEWA NOTISI. Chini yake emoji tatu za mikono ya dua. Dua ya nini, mpaka leo hatujaambiwa.

Gari lenyewe ni moja tu. Dada mmoja muuguzi, anakaa ghorofa ya kwanza, alinunua Nissan Leaf, gari la umeme, kwa mkopo wa sacco. Akirudi zamu anateremsha waya kutoka dirisha la jikoni, anachomeka, analala. Mita yake, tokeni zake. Hajamwibia mtu uniti hata moja. Baada ya tangazo alimfuata mwenye nyumba na adabu zake zote: "Shikamoo baba. Stima nainunua mwenyewe. Nionyeshe kosa langu nilirekebishe." Mzee akamjibu kwa upole, maana si mtu mbaya: "Mwanangu, sina ugomvi nawe. Lakini leo ni wewe, kesho ni mwenzio. Mimi nilijenga nyumba ya watu, sikujenga kituo cha petroli."

Mwezi haupiti bila mkubwa fulani kusimama kwenye hoteli ya ufuoni hapa Mombasa na kutuhubiria uchukuzi safi. Tunaambiwa stima ya Kenya karibu yote inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, na hilo ni kweli, wala silipingi. Tunaambiwa kodi imepunguzwa. Kisha wanashuka ngazi, wanapanda magari makubwa ya dizeli yaliyoachwa yakinguruma ili ubaridi wa ndani usipotee, na wanaondoka. Sisi tunarudi kwenye ghorofa zetu, ambako kuchomeka gari ni kosa la kufukuziwa nyumba.

Tuanze na hiyo kodi. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, huku la petroli lenye injini inayozidi cc 1500 likitozwa 25. Si haba, nakubali. Lakini VAT ya asilimia 16 iko pale pale, ushuru wa forodha uko, ada ya IDF ya kuagiza bidhaa iko, tozo ya reli iko. Na KRA, mamlaka ya kodi, haihesabu kwa bei uliyolipa Japani. Inachukua bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha inakata kwa kufuata umri. Umri tu! Leaf mbili za mwaka mmoja, moja ina vistari vyote 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, nyingine imebakiwa na vinane. Mbele ya jedwali la KRA hizo ni pacha. Sheria ya magari yasiyozidi miaka minane nayo ina macho hayo hayo. Kwenye gari la petroli umri unakwambia mengi. Kwenye gari la umeme betri ndiyo gari, mengine ni viti na matairi.

Kwa sisi wa pwani hapo pana mtego zaidi. Betri ya Leaf hizi za mtumba haina mfumo wa kupoozwa kwa maji. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Phoenix, Arizona, walipiga kelele kwa sababu vistari vilikuwa vinadondoka kabla ya wakati, na Nissan ikalazimika kuweka dhamana ya uwezo wa betri. Joto letu si la Arizona, lakini mtu asikudanganye kwamba Februari ya Mombasa ni baridi. Na dhamana hiyo haivuki bahari kuja nawe bandarini Kilindini. Ukienda yadi, usikubali kuzungushwa na rangi inayong'aa na dashibodi inayoongea Kijapani. Mwambie muuzaji aiwashe, hesabu vistari, na ukiweza nenda na mtu mwenye LeafSpy kwenye simu, programu inayosoma hali ya betri. Muuzaji akianza kuapa, ondoka.

Haya. Tuseme umepata gari zuri. Kwa nini ulitaka la umeme? Acha mazingira, sote tunayapenda mazingira mpaka tuonyeshwe bei. Ulilitaka kwa sababu ya hesabu. Leaf inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100. Uniti ya nyumbani ikikugharimu shilingi 30 hivi pamoja na makato yote, hizo ni shilingi 450. Gari dogo la petroli linalokunywa lita saba kwa masafa hayo, tuseme lita ni 180, linakula 1,260. Na petroli tunaijua tabia yake: Oktoba 2023 lita ya super ilifika shilingi 217.36 pale Nairobi, baada ya VAT ya mafuta kurushwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai ile. Kwa mtu anayeenda kazini kila siku, tofauti hiyo ni karo ya mtoto.

Lakini hesabu hiyo yote imesimama juu ya soketi ya nyumbani. Kuchaji hakuhitaji mtambo. Soketi hii hii ya pini tatu unayochomekea pasi, kwa waya wa ampea 10, inatoa kilowati mbili na ushei. Saa nane za usingizi ni uniti kama 18, yaani kilomita mia na zaidi asubuhi. Bamburi mpaka mjini na kurudi hakufiki kilomita 30. Muuguzi wetu hahitaji hata kuchaji kila siku! Mwondolee soketi hiyo, sasa aende chaja ya kwenye duka kubwa, alipe zaidi, akae kwenye mkahawa akinywa juisi asiyoitaka huku akisubiri, baada ya zamu ya usiku. Atafanya hivyo wiki ngapi kabla hajalirudisha gari yadi kwa hasara?

Kwa hiyo nauliza: unafuu huu wa kodi alitengenezewa nani? Mwenye geti lake na gereji yake Nyali ananunua, anachomeka, analala. Alikuwa na uwezo wa kununua hata bila huo unafuu, na mara nyingi ni gari la pili, la kumpelekea mtoto shule. Mpangaji, ambaye ile tofauti ya mafuta ingembadilishia maisha, yeye amefungiwa nje. Na wapangaji si kikundi kidogo cha watu wenye bahati mbaya. Nairobi nzima, ukitoa mitaa michache, ni wapangaji. Mombasa hatuko mbali. Tembea Kisauni, Mikindani, Changamwe, Bombolulu uhesabu ghorofa zenye nyumba za kupanga, kisha uniambie sera ya magari ya umeme isiyotaja mwenye nyumba ni sera ya nchi gani.

Hata ile bei maalumu ya stima ya magari iko hivyo hivyo. EPRA, mamlaka ya nishati, ilipotangaza bei za 2023 iliweka kundi jipya la uchukuzi wa umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo watu wamelala, kabla ya makato mengine. Shilingi nane! Nilifurahi mpaka nikasoma mpaka chini. Bei hiyo inataka mita yake ya peke yake, na kikomo chake ni uniti 15,000 kwa mwezi. Elfu kumi na tano. Mimi nikifika uniti mia moja nazima friji. Hii ni bei ya mwenye mabasi, na sina kinyongo naye, mabasi ya umeme nayataka. Lakini mpangaji ataombaje mita ya pili kwenye ukuta usio wake, bila sahihi ya mtu aliyetuma emoji za dua?

Sasa, mzee naye ana la kusema, na ingawa sipendi, nitalisema. Waya nyingi za nyumba zetu zilitandazwa na fundi wa bei ya chini kwa ajili ya taa, televisheni na birika. Birika linachemka dakika tano. Gari linavuta kwa saa nane bila kupumzika. Ukipitisha mzigo huo kwenye ekstensheni ya bei ya dukani, iliyokunjwa chini ya zulia, ikapita dirishani na mvua ya Mei ikainyeshea, unacheza na moto, na moto wa ghorofa haumchagui mwenye gari. Mzee ameona nyumba zikiungua. Woga wake si ujinga.

Ila dawa ya waya mbaya ni waya mzuri! Laini moja kutoka kwenye mita ya mpangaji mwenyewe pale chini ya ngazi, waya wa shaba wa unene unaofaa, breka yake, soketi ya nje yenye kifuniko, na fundi mwenye leseni ya EPRA atakayeweka sahihi kwamba kazi ni salama. Muuguzi alisema atalipa yeye gharama zote, na siku akihama soketi aiache. Mwenye nyumba anapata soketi ya bure. Akakataa. Kisheria ana haki ya kukataa, na hapo ndipo damu inaponichemka.

Ufaransa wana sheria inayompa hata mpangaji haki ya kufunga chaja kwenye maegesho yake kwa gharama yake mwenyewe, na anayekataa lazima awe na sababu nzito. California nako, kwa mikataba ya kupanga iliyofanywa tangu Julai 2015, mpangaji akiandika barua na kukubali kulipa, kwa kawaida mwenye nyumba anatakiwa akubali. Haki hiyo yenyewe haihitaji senti ya serikali. Imeandikwa tu kwenye karatasi nani ana haki gani. Sisi tumeweza kuandika Sheria za Fedha zinazotoza kila kinachotikisika, hiyo aya moja inatushinda nini?

Kuna watakaosema tuige bodaboda. Hawa wenzetu wa Spiro na Ampersand, kampuni za pikipiki za umeme, mambo yanawaendea kwa sababu betri ya pikipiki inatoka: dereva anafika kituoni, anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Hamuulizi mwenye nyumba chochote. Ya Leaf imefungwa chini ya sakafu na ina uzito wa watu wanne wanene. Huwezi kuibeba kupanda nayo ngazi.

"Wekeni sola." Kwenye paa la nani?

"Stima ikipotea je?" Inapotea, ndiyo. Usiku wa Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilizama gizani, uwanja wa ndege wa Nairobi nao umo. Lakini pampu ya petroli nayo inaendeshwa na stima, na gari lililochajiwa jana lina chaji leo.

Wasiwasi ulio na maana ni mwingine. Unafuu wa kodi hapa kwetu hauna mizizi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuzirudishia VAT pikipiki na basi za umeme, na juu yake kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, gari lolote. Ule mswada tunajua uliondolewa vipi na kwa damu ya nani: vijana walioandamana. Mwaka ule ule tozo ya barabara kwenye mafuta ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Asiyenunua mafuta halipi tozo hiyo, na Hazina haitakaa ikimwangalia milele. Anayenunua gari la umeme leo kwa sababu ya kodi peke yake, na anunue akijua hilo. Soketi kwenye pakingi, ikishaandikwa kwenye mkataba, haiondolewi na bajeti ya Juni.

Na nimeshawasikia wale wa "si ajenge yake." Muuguzi wa serikali, mkopo wa sacco mgongoni, ajenge yake Mombasa, kwa bei za ploti za leo. Sawa. Labda akishastaafu, na Leaf ikiwa imebaki na kistari kimoja.

Ninachotaka si kikubwa. Mpangaji mwenye mita yake na sehemu yake ya kuegesha aruhusiwe kufunga soketi kwa gharama yake, kwa fundi mwenye leseni, na anayemkatalia amwandikie sababu ya usalama, si "kesho mwenzio." Kaunti, ambayo haipitishi ramani ya ghorofa bila kuuliza maegesho, idai bomba tupu la kupitisha waya kutoka chumba cha mita hadi kwenye maegesho hayo, wakati nyumba inajengwa bomba hilo ni pesa ndogo, baada ya plasta ni vurugu. Na ile bei ya shilingi nane ifunguliwe kwa mtu mwenye gari moja.

Mwakilishi wa wadi yetu ameniambia nimpelekee maandishi. Nayaandika na muuguzi, ambaye kwa sasa anachaji kwa dada yake Mtopanga. Kama wewe ni mpangaji na mwenye nyumba wako alikubali, nitumie jinsi mlivyoandikiana: nani alilipa fundi, nani anawajibika moto ukitokea, soketi inabaki kwa nani ukihama. Futa majina, tuma hiyo aya tu.