Kifaa cha Kushikilia Goti: Muundo au Mkao?

Anayechagua kifaa cha kushikilia goti kwa kawaida hutazama muundo kwanza: je, ni soksi ya kubana, au ni fremu ngumu yenye bawaba na mikanda? Swali hilo lina msingi, kwa kuwa vifaa hivi havifanyi kazi moja. Soksi haina nguvu ya kuzuia goti lisiyumbe. Faida yake ni joto, mbano na ile hisia ya ngozi inayomsaidia mvaaji kutambua mguu wake umekaaje. Fremu, ikisukuma mguu katika sehemu tatu, huweza kuupunguzia mzigo upande wa ndani wa goti, ambao mtu anapotembea hubeba zaidi ya nusu ya uzito unaopita kiungoni, na ndio maana hupewa wale ambao gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, imelika upande huo.

Hata hivyo, goti si bawaba. Linapokunjwa, mfupa wa paja hubingirika na pia kuteleza juu ya muundi, hivyo kitovu cha mzunguko huhamahama. Bawaba ya mhimili mmoja haiwezi kuufuata mwendo huo, na tofauti hiyo huishia kwenye ngozi, ambayo huvutwa na kuchubuka. Wanaotetea bawaba za mihimili miwili wana hoja, ila naona wanaikuza kupita kiasi. Paja ni nene juu na jembamba chini, tena nyama yake hubadilika umbo kila misuli inapokaza. Kwa hiyo hata bawaba bora huteremka hatua kwa hatua, na ikishateremka husukuma mahali pasipostahili.

Dawa inayokimbiliwa ni kukaza mikanda, nayo ina gharama zake. Mkanda ukibana chini kidogo ya goti, upande wa nje, huweza kugandamiza neva inayopita hapo na kuifanya sehemu ya juu ya wayo ife ganzi. Zaidi ya hayo, mguu unaorushwa mbele huhitaji goti likunjwe kwa takriban nyuzi 60. Likizuiwa, mtu hulazimika kuinua nyonga au kuuzungusha mguu kwa nje, na huchoka mapema, hasa fremu yenyewe ikiwa nzito.

Kwa asiyehitaji kusukumwa goti, basi, soksi inayovalika kila siku naiona bora kuliko fremu inayoachwa kabatini. Anayeihitaji fremu apimwe upya uvimbe unapopungua au misuli ya paja inaponyauka, na mikanda ikaguliwe baada ya kutembea dakika kadhaa, kwa sababu akiwa ameketi karibu kila kifaa huonekana kimemkaa.