Kamera Yangu na Punda wa Fes

Tangu tulipotua Moroko, mwalimu wetu wa picha alikuwa na neno moja tu kwangu: "Umekakamaa." Wenzangu watano walisifiwa mwanga, walisifiwa rangi. Mimi picha zangu, kwa maelezo yake, zilifaa kubandikwa kwenye pasipoti, hata zile za milima.

Siku ya kuzunguka mji mkongwe wa Fes akanipa zoezi la peke yangu. Niweke kamera mahali pamoja, niiache ijipige yenyewe kila baada ya sekunde tano, nikae kando, maisha yapite mbele yake. Nikachagua kibaraza cha jiwe kwenye kichochoro kinachochepuka Talaa Kebira, ile njia ndefu inayoteremka kutoka lango la Bab Boujloud. Kamera nikaiweka pale, mkanda ukining'inia. Stendi nikaishika mkononi, maana ukiitandaza miguu yake mle, umefunga barabara.

Maisha yakapita kweli. Yalikuwa na miguu minne.

Mle ndani gari haliingii. Punda na nyumbu ndio malori ya mji. Huyu alibeba ngozi mbichi, shogi limefura pande zote mbili hadi linakwangua kuta. Mchunga akapaza sauti, "Balak! Balak!" nami, mtu wa kufuata maelekezo, nikajibana ukutani na kufumba macho. Nilipoyafumbua, kibaraza kitupu. Kamba ya shogi imenasa mkanda, na kamera yangu inaondoka ikibembea nyuma ya punda, lenzi ikinitazama.

Nikatoka mbio. Niliita kwa Kiingereza, nikaita kwa Kifaransa changu cha kuombea chai, mwishowe Kiswahili kitupu: "We baba, simama! Kamera yangu hiyo!" Mchunga akageuka, akaona mtu mzima anatikisa vyuma hewani, akadhani punda kanikanyaga. Akaweka mkono kifuani kuniomba radhi kwa adabu kabisa, kisha akamchapa punda waondoke upesi zaidi. Kila nilipokaribia, punda mwingine alichomoza kwenye kona, na mimi tena ukutani. Msikiti wa al-Qarawiyyin, ulioasisiwa mwaka 859, ambao ratiba yetu iliutengea saa nzima, niliupa sekunde tatu.

Halafu harufu ikanipokea. Chouara ndiko kwenye mabirika ya kutengenezea ngozi: hayo meupe yana chokaa na kinyesi cha njiwa, cha kulainishia, na mengine yana rangi. Watalii hupandishwa ghorofani kwenye maduka ya ngozi, wakapewa shada la nanaa waweke puani. Mimi niliingilia mlango wa punda, na huko hakuna anayegawa nanaa. Wanaume waliozama hadi mapajani kwenye rangi waliacha kazi, wakanitazama. Mchunga akashusha ngozi moja, ya pili, ya tatu, na kamera ikatokea ikiwa imepakwa kitu ambacho sitaki kukijadili, bado inaendelea na zoezi: chaka. Chaka. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikampa dirhamu 50, na punda naye nilimshukuru, kwa mbali.

Jioni tukakusanyika darini kuonyesha kazi. Nilikuwa nimeoga mpaka maji ya moto yakaisha, lakini wenzangu wote walikaa upande unakotoka upepo. Mwalimu akafungua picha zangu. Mtoto ameinama, anachungulia ndani ya lenzi kwa jicho moja. Juu yake mistari ya jua inapenya paa la matete. Mkia wa punda umepita pembeni, ukungu mtupu, kama uliopangwa.

Mwalimu akavua miwani. "Hatimaye! Umeacha kulazimisha mambo."

Makofi. Dada mmoja akauliza nilipataje kimo kile, nilipiga magoti? Nikamwambia yote ni pumzi, ukishaweza kuitawala pumzi, mengine yanakuja.

Mwalimu akabonyeza picha inayofuata. Kichochoro kitupu, na katikati yake mtu anakuja mbio, mdomo wazi, kofia imemwangukia mgongoni, stendi ameiinua kama mkuki.

Wakaitazama picha. Wakanitazama mimi. Mwalimu akaikuza usoni, akasogelea skrini, akakaa nayo kitambo.

"Aliyepiga hii ana jicho," akasema. "Kesho tumtafute."