Papa Mwenye Makunyanzi

Mtu wa Tanga akikaa miezi mitano bila kuonja papa, akili huanza kumchezea. Ndiyo yaliyonikuta Las Palmas, kisiwani Gran Canaria, Hispania.

Jioni moja napita mbele ya mkahawa, ubaoni pameandikwa kwa chaki: *Papas arrugadas*. Nikafungua kamusi kwenye simu. Arrugado: -enye makunyanzi. "Papas" sikujisumbua hata kulitafuta. Papa mwenye makunyanzi, si ng'onda huyo, papa mkavu! Mhudumu akanieleza kuwa hupikwa kwa chumvi nyingi. Ushahidi gani tena nautaka?

Asubuhi nikampigia mama simu: leo nala papa wa nazi. Huyo, mbio hadi soko la Vegueta.

Kwa muuza samaki sikuona foleni. Watu wamezagaa tu, nami nikasimama kama mlingoti huku mabibi watatu wakihudumiwa, mmoja baada ya mwingine. Kumbe ukifika unauliza "¿El último?", aliye wa mwisho anajitaja, basi wewe umeshajua unamfuata nani. Mimi kimya, ningehudumiwa na nani?

Mwishowe akanigeukia.

"Dos kilos de papas, por favor."

Akanitazama. Akawatazama samaki wake. Akanielekeza kwa kisu upande wa mboga. Nikajisemea, labda mkavu wanamuuza kando.

Mama wa mboga akaniita "mi niño", yaani mwanangu, na ndevu zote hizi. "¿Para arrugar?" Sí, sí! Akapima kilo mbili za viazi vidogo, udongo bado umeganda.

"No, no. ¡Papas!"

"Papas," akasema, akiutikisa mfuko.

Basi nikafanya ambalo Tanga nisingelifanya hata kwa kulipwa: nikasimamisha kiganja juu ya utosi, nikatoa meno, nikaogelea baina ya nyanya na vitunguu.

"¡Tiburón!" akapiga ukelele mteja mmoja, na watu wakaangua kicheko.

Sehemu kubwa ya Hispania bara viazi ni patatas, lakini visiwani ni papas, kama Amerika ya Kusini. Papa wetu ni tiburón, na wale wadogo wa kuliwa ukiwataka kwa muuza samaki unaulizia cazón. Siku ile hawakuwapo.

Viazi nikavilipia. Ningevikataaje baada ya tamasha lile?

Jioni mama akapiga. "Haya mwanangu, papa umempata?"

"Kilo mbili, mama."